Alilolificha Kungwi

"Mkono usiwe mzito," Bi Mwatumu alisema, "wala usiwe kama unaogopa. Mume si kaa la moto."

Wanawake waliokaa wameegemea ukuta wakacheka. Nasra, mwali mwenyewe, aliuficha uso ndani ya kanga kwa haya. Ilikuwa siku yake ya mwisho ya kufundwa, na mamake alikuwa amewaita mashoga zake wa Chumbageni waje washuhudie mwanawe akitolewa. Bi Mwatumu alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka mbele ya binti huyo, akimwonyesha namna ya kumsinga mume. Hakukuwa na kungwi aliyetafutwa kama yeye mjini Tanga. Mama wengine waliwaleta kwake mabinti zao kwa sababu na wao walifundwa na mamake.

Aliinua mkono wa kushoto ili achukue kikombe cha liwa ya kusingia. Mkono ukakataa. Akajikaza, akauinua kwa nguvu, na kitu kilichokuwa kimegandamana chini ya nguo yake kikabanduka. Harufu ndiyo iliyotangulia. Kisha doa likatokeza kifuani, upande wa kushoto, jekundu lenye umanjano pembezoni, likawa linatanuka juu ya kanga yake ya sare.

"Somo," Nasra alinong'ona, "unatoka damu."

Kicheko kikakatika. Mamake Nasra akainuka. "Ni nini hicho, Bi Mwatumu?"

"Jipu. Jipu tu, mwenzangu, limepasuka."

Hakuna aliyemwambia kwamba ni mwongo. Lakini mmoja alisimama akaenda kufungua dirisha, mwingine akaziba pua kwa upindo wa kanga akijifanya anakohoa, na yule aliyekuwa amekaa karibu naye akajisogeza, kidogo kidogo, mpaka mkeka ukabaki mtupu kati yao. Mamake Nasra akamshika bega, bega la kulia, kwa ncha za vidole.

"Nenda kapumzike, dada. Hapa tutamaliza wenyewe."

Bi Mwatumu akajitanda buibui lake, akaaga. Nje jua lilikuwa kali. Kabla hajavuka barabara alisikia ngoma ya ndani ikianza tena, na sauti ya mwanamke mwingine ikiongoza nyimbo zake.

Alasiri hiyohiyo binti mmoja wa kwao Nasra alibisha hodi nyumbani kwa Bi Mwatumu akiwa na kikapu. Ndani yake mlikuwa na doti ya kanga, mchele, na kile kikombe cha liwa.

Najat, binti mdogo wa Bi Mwatumu, ndiye aliyekipokea. Alikuwa amekaa barazani kwenye cherehani yake, akipinda magauni ya watoto. "Kikombe hiki si chetu," alisema.

"Wamesema mkichukue tu," yule binti alijibu, akaondoka upesi.

Najat alikikodolea macho. Alikuwa amekwisha kusikia. Mtaa ule habari haikuhitaji miguu. Akakiweka chini, akaingia chumbani alikolala na mamake tangu mwaka jana, tangu mama alipohama kitanda cha baba kwa madai kwamba mgongo unamuuma. Chumba kilikuwa kimejaa moshi wa udi. Siku hizi udi ulichomwa humo asubuhi, mchana na jioni, na Najat alikuwa akiwaambia wenzake kwa majivuno kwamba mamake anapenda kunukia.

"Mama, nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini? Mimi ndiye mwanao?"

"Wameona watu baki, mama. Mimi nisione?"

Bi Mwatumu akaketi kitandani. Kisha akaanza kufungua. Kulikuwa na kanga, na chini yake kitambaa, na chini yake pamba, na chini ya pamba majani yaliyopondwa na manjano, yamekauka yakawa kama ukoko. Titi la kushoto lilikuwa limejikunja ndani na kuwa gumu kama embe bichi. Ngozi yake ilikuwa na vitundu vitundu kama ganda la chungwa, na ubavuni palikuwa pamefunguka kidonda ambacho Najat hakuweza kukitazama mara mbili.

Hakulia. Alikwenda kuchota maji, akayatia chumvi, akarudi akapiga magoti.

"Tangu lini?"

"Kilianza kidogo. Kama punje ya choroko. Nilikipata nikijisugua bafuni. Kigumu, kimekaa palepale. Hakikuwa kinauma, nikasema kisichouma si ugonjwa."

"Lini, mama?"

"Mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza wa dada yako."

Mtoto wa kwanza wa Saleha, dada yake, alikuwa ameshaanza chuo cha Kurani, anajua kusoma alifu na bee. Najat alikamua kitambaa, maji yakamtiririkia mikononi.

"Na wewe miaka yote hiyo unakiona tu?"

"Nimwambie nani? Nikavue nguo mbele ya daktari mwanamume, mimi ninayewaambia wali, mabinti wa mji huu, kwamba mwili wa mwanamke ni sitara? Halafu waseme kikatwe." Akajifunika upande mmoja kwa kiganja. "Kungwi wa titi moja atamfunda nani, Najat? Nani atamleta mwanawe kwangu nimwambie namna ya kumfurahisha mume?"

Uani palikuwa na mpangaji, Anastazia, binti wa Kisambaa kutoka Lushoto aliyekuwa akisomea uuguzi. Mwaka uliotangulia yeye na wenzake wa chuoni walikuja kwenye kikundi cha ushonaji cha wasichana, wakabandika ukutani mchoro wa titi lenye mishale ya kuzunguka. Walieleza kwamba msichana ajipapase kila mwezi akimaliza hedhi, mpaka ayajue maziwa yake kama anavyoujua uso wake. Najat na Nasra walicheka siku ile mpaka wakatolewa nje. Baadaye, kila walipokutana, mmoja alichora duara hewani kwa kidole na wote wawili wakaanguka kwa kicheko.

Sasa Najat alisimama mlangoni kwa Anastazia akiwa na mikono iliyolowa.

"Njoo umwone mama," alisema. "Na usinicheke."

Anastazia alikuja. Alimwamkia Bi Mwatumu shikamoo, akaomba ruhusa, akatazama. Alipomaliza alimfunga kwa bandeji safi, polepole, bila kukunja uso, na Bi Mwatumu, ambaye hakuwa ametokwa na chozi mbele ya wale wanawake wote, akalia kwa sababu ya uso ule usiokunjwa.

Mzee Badru, mume wa Bi Mwatumu, alikuwa akifanya kazi mpakani Horohoro, akiwasaidia wenye malori kupitisha mizigo. Alikuwa akirudi nyumbani Alhamisi jioni kwa ajili ya Ijumaa. Safari hii alimkuta mkewe amekaa kitandani kwake, kile kitanda alichokihama, kifua kimefungwa bandeji.

Alimsikiliza mpaka mwisho akiwa bado amesimama, mfuko wa nguo mkononi.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema hatimaye.

"Najua ulivyodhani."

"Kila nikija unaniambia mgongo. Kila nikikusogelea unajikunja kama jongoo. Mwanamume atawaza nini, Mwatumu?" Akaketi kwenye kigoda. Akajifuta uso kwa kofia yake. "Nina jambo la kukwambia."

"Umeoa."

Badru akainua kichwa.

"Shati zako zinarudi zimepigwa pasi," Bi Mwatumu alisema. "Tangu kabla ya Ramadhani. Wewe hujawahi kushika pasi."

Najat, aliyekuwa nyuma ya pazia na sinia la chai, hakujua aingie au arudi. Alimsikia babake akivuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia.

"Ungeniambia. Wallahi ungeniambia, haya yote yasingekuwa. Mimi ni mumeo."

"Ndiyo sababu sikukwambia," Bi Mwatumu alisema. "Wewe ni mume wangu. Nilitaka unione vile vile."

Badru alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mpaka majirani wakapunguza redio. Kesho yake alisali Ijumaa, akamwambia Najat ampeleke mamake hospitali, akarudi Horohoro kwa mke ambaye naye, kama ilivyokuja kujulikana, alikuwa mjamzito.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alikata kinyama kikapelekwa kupimwa, akaagiza picha za kifua na tumbo. Majibu yalipokuwa tayari aliwaketisha wote watatu, Bi Mwatumu, Najat na Anastazia, akafunga mlango. Ilikuwa ni saratani. Ilikuwa imekwisha kuingia kwenye ini na mapafu.

"Tutakupa dawa za kupunguza maumivu na za kukausha kidonda," alisema. "Kuiondoa sasa hatuwezi, mama. Sitaki nikudanganye."

Bi Mwatumu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya samaki. Kisha akauliza jambo ambalo Najat hakulitarajia.

"Kilipokuwa kama punje ya choroko, mngenikata titi lote?"

"Siwezi kusema kwa hakika. Uvimbe ukiwa mdogo namna hiyo, mara nyingi tunatoa sehemu tu."

"Sehemu tu?"

"Mara nyingine lote. Lakini mara nyingine sehemu tu, mama."

Bi Mwatumu akamwangalia Najat. Midomo yake ilikuwa ikitabasamu, lakini macho yalikuwa yametoka nje kama ya mtu aliyekabwa. "Umesikia?" alisema. "Sehemu tu. Na mimi nilikuwa nalihifadhi lote."

Daktari alimgeukia Najat. "Na wewe? Unajipapasa?"

Najat akatazama sakafu.

"Una dada?"

"Mmoja. Ameolewa Muheza."

"Mwambie. Mama akiwa nayo, mabinti mnapaswa kuwa macho zaidi ya wengine. Haimaanishi kwamba na ninyi mtaipata. Inamaanisha msingoje."

Njiani kurudi Bi Mwatumu hakusema neno isipokuwa yale mawili. Aliyasema kwenye bajaji, aliyasema akivua viatu, aliyasema akiwa ameuelekea ukuta. Sehemu tu. Sehemu tu.

Mtaani maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema amerogwa na kungwi mwenzake wa Ngamiani kwa wivu. Wengine walisema siri za wali alizozibeba zimemgeuka. Lililoumiza zaidi lilikuwa lile lililosemwa na kina mama waliokwisha kumpelekea mabinti zao, kwamba ugonjwa ule hushuka kutoka kwa kungwi hadi kwa mwali kupitia mikono. Walimjia kumwangalia, kwa kuwa ni aibu kutomwangalia mgonjwa, lakini walikaa karibu na mlango. Najat akiwaletea chai walisema wamefunga. Hata Jumanne ambayo haikuwa ya sunna walisema wamefunga.

Ndipo Bi Mwatumu alipoamua.

"Nataka uwaite wali wangu," alimwambia Najat. "Wote niliowafunda walio hapa mjini. Waambie somo yao anawaita. Na dada yako aje."

"Kuwaaga?"

"Kuwafunda. Kuna kitu sikuwapa."

Najat alizunguka Chumbageni na mitaa ya jirani. Alipokelewa vizuri kila mlango, akaahidiwa kila mlango. Siku ilipofika walikuja watatu. Nasra alikuwa mmoja wao, bado ana hina ya harusi kwenye kucha, na alikuwa amemwambia mamake kwamba anakwenda kwa fundi cherehani, jambo ambalo kwa kiasi fulani lilikuwa kweli. Saleha alifika kutoka Muheza akiwa na kitoto chake cha pili mgongoni, kichanga bado, na akakaa pembeni kabisa, karibu na kabati. Anastazia alikaa mlangoni kwa ombi la Bi Mwatumu.

Zamani Bi Mwatumu alianza mafunzo kwa wimbo. Sasa pumzi haikutosha. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mifupa ya mabega imetokeza, na aliwatazama mmoja mmoja.

"Nimewafunda namna ya kuoga kwa ajili ya mume," alisema. "Namna ya kujifukiza kwa ajili ya mume. Namna ya kunyonyesha. Titi niliwaambia ni la nani?"

Wakatazamana.

"Nasra. Nilikwambia ni la nani?"

"La mume na la mtoto, somo."

"Nilikosea. Haya, sogeeni."

Akaifungua kanga upande wa kulia, ule ambao haukuwa na kidonda. Titi lilikuwa limesinyaa, limelala ubavuni. "Na huku imeanza," alisema. "Daktari ameiona. Ni ndogo. Ndivyo ile ya kwanza ilivyokuwa. Leteni mikono."

Hawakusogea. Waliyasikia mtaani yale ya mikono, na sasa walikuwa wakiombwa mikono. Mmoja wa wale watatu alianza kulia. Najat aliona kwamba akingoja hakuna atakayekwenda, akapiga magoti kitandani, akanyoosha vidole. Mamake akavishika, akaviweka mahali, akavikandamiza.

"Usiguse kama unapapasa hariri. Bonyeza. Zunguka. Unaisikia?"

Najat aliisikia. Ilikuwa chini ya ngozi, ndogo, ngumu, kama kijiwe kilichosahauliwa katika mchele. Aliuvuta mkono kama aliyeungua, mamake akaurudisha.

"Bado. Ishike mpaka uijue. Ukikutana nayo popote uijue."

Baada yake akaja Nasra, kisha yule wa pili, kisha yule aliyekuwa akilia. Anastazia aliongea taratibu kutoka mlangoni. Aliwaambia si kila kivimbe ni saratani, vingi si chochote, tena titi la msichana lina mabongemabonge yake ya kawaida. Kazi yao si kuhukumu nyumbani, ni kujua la jana na la leo, na likitokea geni waende hospitali, wasiende kwa shoga wala kwa mganga. Wapapase mpaka kwapani, watazame ngozi, watazame chuchu. Maneno yalikuwa yaleyale ya mwaka uliopita. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Saleha," Bi Mwatumu aliita. "Wewe ndiye mkubwa."

Saleha alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili. "Mtoto amelala, mama."

"Mpe mdogo wako."

"Siwezi."

"Njoo, mwanangu. Mara moja tu."

"Siwezi, mama!" Saleha akainuka, akajigonga kwenye kabati, akatoka nje bila ndara zake. Walimsikia akitapika kwenye mfereji wa uani. Bi Mwatumu aliubakiza mkono wake hewani kitambo, kisha akaushusha.

"Ana moyo mwepesi," alisema. "Tangu utotoni."

Bi Mwatumu alifariki kabla mwezi haujaandama. Siku za mwisho hakuwatambua watu, ila alimshika Anastazia kila alipombadilisha bandeji na kumwita mama. Badru alifika akamkuta amekwisha kuoshwa. Mamake Nasra alikuwa miongoni mwa waliokuja kulia, na alilia kwa sauti kuliko wote.

Najat alianza kujipapasa mwezi uleule. Haukuwa ujasiri. Ilikuwa hofu tu. Alijifungia bafuni, akajipaka povu, akazungusha vidole huku meno yanagongana ingawa maji yalikuwa ya moto wa jua. Mara ya kwanza alipata kitu kigumu akatoka mbio na kanga moja hadi kwa Anastazia. Ulikuwa ubavu wake. Mara ya pili hakupata kitu, akakaa kwenye sakafu ya bafu akilia kwa sababu mkono wake ulikuwa umeuzoea uvimbe wa mamake na sasa ulikuwa ukiutafuta. Nasra aliwahi kumwambia kwamba naye hufanya hivyo, mumewe akiwa kazini, na kila akimaliza hukosa hamu ya chakula siku nzima.

"Lakini huachi?" Najat alimwuliza.

"Nitaachaje? Vidole vinakumbuka."

Arobaini ilipokwisha Najat alikwenda Muheza kumsaidia dada yake. Mumewe Saleha, Idarusi, alikuwa mfanyabiashara wa machungwa, mtu mpole, asiyemnyima mkewe chochote alichokiomba. Msimu ulikuwa umechachamaa. Uwanja wa mbele ulijaa magunia, na Idarusi alishinda nje akichagua na kupakia.

Najat aliona siku ya kwanza tu. Saleha alimnyonyesha mtoto titi la kushoto. Akilia tena, la kushoto. La kulia hakulitoa kamwe.

"Lina nini hilo?"

"Maziwa yameganda. Yanauma akinyonya."

"Umelikanda kwa maji ya moto?"

"Nimelikanda."

"Nione."

"Najat, niache."

Siku ile hakumlazimisha. Lakini kesho yake, mtoto akiwa amelala na Idarusi yuko nje na wapakizi, Saleha mwenyewe alimwita chumbani, akafunga mlango kwa komeo, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alifungua vifungo vya gauni, akatazama ukutani.

"Nishike," alisema. "Nambie ni maziwa."

Najat akanyoosha vidole. Hakuhitaji kubonyeza wala kuzunguka. Kilikuwa palepale kando ya chuchu, kikubwa kuliko kile alichofundishiwa, lakini kilekile. Aliuacha mkono juu yake.

"Ni maziwa?" Saleha aliuliza.

"Si maziwa, dada."

Saleha akafunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Mikono haikutetemeka.

"Ulikuwa unajua," Najat alisema. "Siku ile ulipotoka. Ulikuwa nacho tayari."

"Nilikuwa nacho tangu mimba. Nilisema nikiingiza mkono pale kwa mama, nikikuta kinafanana, basi nimekwisha. Nisipogusa, bado kitakuwa maziwa." Akavuta pumzi. "Usimwambie Idarusi."

Najat aliondoa komeo, akafungua mlango. "Shemeji," aliita, "njoo mara moja."

Idarusi aliingia akijipangusa mikono, harufu ya maganda ya machungwa ikaingia naye. Najat alimwambia kila kitu wakati Saleha amejifunika uso kwa upindo wa kanga. Idarusi alisikiliza akiwa amesimama vilevile kama Mzee Badru alivyosimama. Hakupiga kelele. Alikaa karibu na mkewe, akamshika goti.

"Mtoto atanyonya nini?" aliuliza.

Saleha akazidi kujifunika.

"Nasema hivi," aliendelea kwa upole, "tungoje kidogo. Msimu uishe, mtoto aachishwe. Wakimkata sasa mtoto atakufa kwa njaa. Mama yangu naye nitamwuliza, kuna mzee kule Amani ana dawa za mizizi. Sikatai hospitali, shemeji. Nasema tungoje."

Saleha akaufunua uso. Alimtazama mdogo wake, na katika macho yale hakukuwa na hasira, kulikuwa na nafuu. Alikuwa amepewa ruhusa ya kungoja. "Umesikia," alisema. "Tutangoja kidogo."

Najat alimtazama shemeji yake, mtu mwema, na dada yake, na akaona kwamba angeweza kusema mpaka jua lizame. Akaenda kitandani, akamwinua mtoto, akamfunga mgongoni kwa kanga, akatoka.

"Unampeleka wapi?" Saleha aliita.

Hakujibu. Alipita kati ya magunia, akapita mbele ya wapakizi, akashika barabara ya hospitali. Mtoto akaamka, akaanza kulia kwa njaa. Najat aliharakisha, na kilio kikazidi, na watu waliokaa barazani wakageuka kumtazama msichana asiye na ushungi anayekimbia na mtoto wa watu.

"Najat! Mtoto ana njaa!"

Kisha akasikia ndara nyuma yake. Na nyuma ya ndara, mbali, sauti ya Idarusi ikiita jina la mkewe. Hakugeuka. Alijua akigeuka dada yake atampokonya mtoto arudi. Aliongeza mwendo, mgongo umelowa kwa mkojo wa mtoto, akiomba Mungu ndara zile zisisimame.

Hazikusimama.

Daktari wa zamu alimlaza Saleha nyuma ya pazia akampapasa titi kwa muda mrefu, akimwuliza maswali. Kisha akamwambia ainue mkono, akaingiza vidole kwapani. Maswali yakakoma. Najat, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa pazia, alikuwa anajua ukimya wa namna ile. Wakamtoa nje akangoje.

Alikaa kwenye benchi la ukumbini. Saleha alikuwa amemnyonyesha mtoto kidogo tu walipofika, na sasa mtoto alikuwa analia tena. Alijinyonganyonga mapajani, akamgeukia Najat, akaanza kutafuta kifuani pake, mdomo wazi, akivuta nguo kwa vijidole. Najat alijaribu kumzuia. Kisha akamwachia atafute, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi alichungulia, akatazama benchi zima.

"Nani amekuja na Saleha? Mume wake yupo?"

Idarusi hakuwa amefika. Najat akainuka, mtoto anamlilia begani.

"Nipo mimi," alisema.